Yowe Nililopiga Mbele ya Wakwe

Naona aibu hata kuandika, lakini kwa kuwa Iguguno nzima imeshalisimulia hili kila mtu kwa chumvi yake, acheni na mimi niseme, na wenye makosa niwataje kwa majina, wa kwanza akiwa shemeji yangu Ramadhani.

Siku hiyo washenga walikuja kumposea kijana wao binti yangu Mwajuma, na kwa kuwa baba yake ni marehemu, Ramadhani ndiye aliyekaa nao sebuleni. Mimi niko jikoni uani na kuku wangu, mvua inamwagika tangu asubuhi, naye akaja kuwasha sigara kwenye moto wangu (kusaidia kuni hajui, sigara anajua) akanionyesha video kwenye simu. Maji yanabeba magari kama vifuu, na sauti inasema theluji imeyeyuka mlimani, mvua nazo ni kubwa, wakazi wa pwani wahame haraka.

"Shemeji, mlima gani huo?"

"Theluji nchi hii iko wapi kwingine? Kilimanjaro!"

"Sasa Singida ni pwani?"

"Kwani maji yanauliza mkoa?" Akacheka, akarudi kwa wageni.

Mwenzenu sikucheka. Mvua za mwaka juzi zilinibomolea nyumba ya udongo kule bondeni, nikatoka na watoto na sufuria moja, na hakuna jirani hata mmoja aliyeniita kunitahadharisha. Kwa hiyo nikabaki nakoroga mchuzi huku nawaza, hiyo theluji ikiyeyuka inapita wapi, inazungukia Manyara au inanyoosha tu kuja huku? Niliishia darasa la nne, mambo ya milima hatukuyafikia.

Ndipo nikasikia kitu kinanguruma upande wa bondeni. Si radi, maana radi inakatika, hiki hakikatiki, na nikaona kama ardhi inatetemeka. Nikapiga yowe.

Huku kwetu yowe si mchezo. Ukilipiga kila mtu anaacha alichoshika anakuja, na ukilipiga bure unatozwa mbuzi. Watu wakatoka na majembe, wengine na fimbo wakidhani ni fisi, mimi napiga kelele, "Theluji imekuja! Pandeni jabalini!" Nikaingia sebuleni, nikamkamata mkono mshenga mkuu, Mzee Mohamedi, na kanzu yake nyeupe, nikamburuta kwenye matope hadi juu ya jabali. Mwajuma nyuma analia, "Mama, mwachie! Mama!" Nikadhani anaogopa maji.

Tukajazana pale juu, tumelowa, tunatazama chini. Hakuna kitu. Ngurumo inaendelea. Mara jirani yetu wa kule bondeni, Selemani (huyu ndiye mkosaji wa pili), akatoka kwenye banda lake, mikono mafuta hadi viwikoni.

"Jamani, mbona mko huko? Nimewasha mashine mpya ya kukamua alizeti, shukeni muione!"

Mzee Mohamedi akanigeukia. "Mama, theluji yenyewe iko wapi?"

Nikamjibu, "Shikamoo baba."

Mbuzi niliyemfunga kwa ajili ya wageni akachukuliwa kuwa faini, na wa kwanza kusema "sheria ni sheria, shemeji" alikuwa Ramadhani, ambaye maini aliyala yeye. Washenga wakaondoka bila kugusa kuku. Mwajuma akawa chakula ananiwekea anaondoka, nami kila jioni nachungulia barabarani kama wanarudi.

Wamejibu juzi. Binti wamemkubali, lakini harusi ifanyike kwao, kiangazi, na mama wa bibi harusi asipewe kipaza sauti. Nimekubali yote, na nimeapa sitafungua mdomo hata ukumbi ukiungua. Kipaza sauti, naambiwa, atashika Ramadhani.