Senene wa Revelian

Mwaka wa pili tangu Auleria atoke Bukoba kuja kuishi Temeke, mumewe aliacha kumaliza chakula.

Revelian alikuwa karani bandarini. Jioni, akirudi na baiskeli yake, alipita kwanza kwa jirani yao Mzee Aidarus, Mwarabu mwenye duka, na huko hakuna aliyekuta chakula akaachwa atazame. Wanaume walikaa mkekani barazani, wakazunguka sinia la wali wa nazi na samaki, wakala kwa mkono. Alipofika kwake akawekewa ndizi na maharage, alizichokonoa kidogo kwa kijiko, akasema ameshiba.

"Umeshiba nini?" Auleria alimuuliza.

"Nimeonja tu pale kwa jirani. Yule mkewe, Bi Wahiba, anajua wali. Kila punje imejitenga na mwenzake."

Kesho yake Auleria alinunua nazi, akakuna, akakamua. Tui lilikatika, wali ukawa uji chini na mbichi juu. Akawamwagia kuku kabla mumewe hajarudi. Angeweza kwenda kuuliza unavyopikwa, lakini aliona kumuuliza Wahiba ni sawa na kumkabidhi mume. Toka hapo, kila aliposikia mbuzi ya nazi ikikwaruza upande wa pili wa ua, moyo ulimchemka. Alijua fika kwamba Revelian hajawahi hata kuzungumza na mwanamke yule, maana Wahiba alibaki ndani na wanaume barazani. Hilo halikumtuliza. Lilimuuma zaidi kwamba mtu asiyeonekana ndiye anayemlisha mumewe.

Mwezi wa Desemba, binamu yake Auleria alirudi kutoka likizo Bukoba na kifurushi alichopewa na mama yake Auleria. Ndani mlikuwa na senene, wale panzi wanaoshuka na mvua, wamekaangwa na kukaushwa. Kwao Auleria, senene ni chakula cha mume. Mwanamke huwaokota, huwanyonyoa mbawa na miguu, huwakaanga, lakini hawaonji. Auleria aliwapasha moto na chumvi, akawaweka kwenye bakuli. Leo atakula kwangu, aliwaza.

Revelian alifunua bakuli akacheka kwa furaha. Alikula konzi moja akiwa amesimama. Kisha akalinyanyua bakuli lote.

"Ngoja nimwonjeshe Mzee Aidarus," alisema, akatoka.

Auleria alikaa akiitazama meza tupu. Hata hiki, aliwaza, hata hiki anawapelekea. Akajifunga kanga, akamfuata.

Alimkuta Aidarus barazani amefumba macho, anatafuna taratibu. Revelian alikuwa ameketi pembeni yake.

"Shikamoo, mzee," alisema Auleria.

"Marahaba, binti yangu. Ni wewe uliyewapika hawa?" Sauti ya mzee ilikuwa nzito. "Kwetu Hadhramaut tulikula nzige. Mama alikuwa akiwakausha juu ya dari. Mie nilikuja huku mdogo, sijaonja tena chakula cha namna hii mpaka leo."

Pazia la mlangoni lilisogezwa. Wahiba alisimama hapo, mwanamke mfupi mwenye unga wa mchele mikononi, uso umemkunjamana.

"Vitumbua vyangu vimepoa," alimwambia Auleria, kama vile walikuwa wakizungumza tangu asubuhi. "Namwita aje ale, hasikii. Umewatia nini hao?"

Auleria aliutambua uso ule. Ndio aliokuwa akitembea nao yeye kwa miezi.

"Chumvi tu," alijibu, na raha aliyoipata hakujaribu kuificha.

"Ingia ndani."

Jikoni, Wahiba alifungua kiganja. Pale mlangoni alikuwa amenyoosha mkono akachukua senene wawili bakulini. Akala mmoja, akafikiri, akamnyooshea Auleria wa pili.

"Sie hatuli," alisema Auleria. "Ni wa wanaume."

"Unampikia mtu kitu usichojua ladha yake?"

Auleria alimpokea yule senene, akamtia mdomoni. Alikuwa na mafuta, mtamu kuliko alivyodhani, na akiwa anamtafuna alipandwa na hasira ya namna nyingine: miaka yote ile ya kuokota, na mama yake, na bibi yake, na midomo yao mikavu.

"Nionyeshe tui," alisema.

Wahiba alimwonyesha, ingawa alimficha kipimo cha maji, na Auleria alikuja kukigundua mwenyewe baada ya sufuria kadhaa kuungua.

Mama yake Revelian alipokuja kutembea mwaka uliofuata, alimkuta mkwewe akila senene mezani pamoja na mume. Alisusa kula nyumba ile. Revelian aliinamisha kichwa, hakumtetea mke wala hakumkataza. Mama mkwe alimaliza ziara yake akilishwa na Wahiba, na kila jioni alirudi akisifia wali.

Auleria alimsikiliza, akajichotea konzi nyingine ya senene, akaendelea kula.