Rafu Niliyoifunika Shuka Jeupe

Haya sikupata kuyasimulia kwa hiari yangu, nilikuwa nasimuliwa mimi, kila ninapopita barazani, na hata leo nikiona shuka jeupe limeanikwa huvuka upande wa pili wa njia.

Nilikuwa kijana, nimepanga chumba Jang'ombe, kazi yangu kufagia na kupika kwa mama mmoja wa Kizungu kule Mji Mkongwe. Mama yule alikuwa na mambo yake: ukutani katundika nyungo, vifumbu vya kuchujia tui, hata mbuzi ya kukunia nazi, nyumba ya ghorofa ikawa kama banda la shamba, na wageni wake wakisifu. Nikajiambia, kumbe nyumba hupambwa hivi. Maana nilikuwa nimemposa Zuhura, na mjomba wake, Mzee Makame, mtunza msikiti wetu, kasema hatoi jibu mpaka Alhamisi aje aone binti atakaa wapi. Na chumba changu kilikuwa na kitanda na ndoo.

Basi nikakusanya. Ungo wa jirani uliotoboka, chungu cha bibi yangu wa Kizimkazi nikakitia asumini (bibi alikuwa akikipikia pweza, harufu haikutoka). Ikabaki rafu ya vyombo. Nyuma ya msikiti, kwenye majani, kililala kiunzi kirefu cha mbao, miguu imevunjika. Nilijua ni nini? Nusu nilijua. (Nusu nyingine niliiambia inyamaze.) Nikakichukua, nikakipiga msasa, nikakitundika kwa kamba kwenye boriti, nikafungia kifumbu pembeni, nikapanga vikombe, kikapendeza, wallahi kilipendeza.

Jumatano baada ya adhuhuri Mzee Makame akasimama msikitini.

"Jeneza la zamani halipo," akasema. "Na fundi anakuja kesho kulitengeneza. Mali ya wakfu ile. Aliyelichukua alirudishe."

Kesho ndiyo Alhamisi, na yeye atakuja kunywa kahawa chini ya mali ya wakfu, na Zuhura ndiyo basi tena.

Nikamkimbilia rafiki yangu Haji.

"Tulirudishe sasa hivi," akasema, "watu washakula, wamelala."

"Wakituona?"

"Lifunike."

Hapo ndipo nilipopotea. Nikatandua shuka jeupe la kitandani, nikalifunika jeneza, Haji mbele mimi nyuma, begani, tukatoka. Hatukufika hata kona, muuza kahawa akaweka dele lake chini akaja kunipokea (ndivyo tulivyolelewa, jeneza likipita hukai, unakwenda ulibebe japo hatua chache). Akaja mwengine, na mwengine. Wenye maduka wakarudishia milango wakafuata. Mimi sikuwa hata naligusa tena, natembea nyuma jasho linanichuruzika usoni, watu wakadhani nalia, wakanishika mkono wakanipa pole.

"Nani huyu?" mmoja akauliza.

"Mgeni," Haji akasema.

"Mwepesi, maskini. Kaumwa sana?"

"Sana," nikasema mimi. Mungu anisamehe.

Tulifika kundi zima. Mzee Makame akatoka na birika la udhu mkononi.

"Shikamoo mzee," nikasema.

"Marahaba. Nani kafariki? Mbona sikuambiwa?"

Akafunua shuka. Kulikuwa na kifumbu nilichosahau kukifungua, na ndani yake kikombe kimoja cha kahawa. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi.

"Chako hiki?"

"Naam."

"Ulilifanya nini jeneza?"

"Rafu, mzee."

Aliyeanza kucheka ni muuza kahawa. Mzee Makame hakucheka. Akanambia, mbele ya wote, "Kesho siji kwako. Utakuja wewe hapa, na msumeno."

Nikaenda. Siku tatu juani na fundi nachonga miguu minne, barabara nzima inaniuliza hali ya mgonjwa. Siku ya nne mzee akalitikisa jeneza, likasimama imara. Akasema, "Haya, sasa nambie habari za Zuhura."

Akaniozesha. Ikapita miaka, na jeneza lile lile ndilo lililombeba mzee mwenyewe. Nilishika nyuma, na mtu akaniuliza nani huyu, nikamtajia jina lake lote, mpaka la babu yake.

Vyombo vyetu vimo kapuni mpaka leo. Ukutani hapana kitu, ila msumari mmoja mtupu, aliougongomea Zuhura ili niutazame kila nikitamani rafu.