Sukari ya Mgawo na Maji ya Mtoto

Wiki iliyopita tuliitwa kikao cha wazazi shuleni, huku kwetu Mbozi. Wanaume walikaa kwenye madawati, sisi wanawake chini, mimi nikiwa na mwanangu mchanga. Mwalimu alieleza kuwa darasa la nne wanafundishwa kumnywesha mtoto anayeharisha maji yaliyochemshwa, yenye chumvi kidogo na sukari.

Mzee mmoja mwenye kofia alisimama. "Mwalimu, sukari yenyewe ya mgawo! Binti yangu anaikoroga kwenye maji, eti dawa. Mfundisheni hesabu."

Watu wakacheka. Mwingine akadakia, "Somo hilo lifutwe!"

Ndipo mama aliyekaa peke yake karibu na mlango akasema bila kuinuka, "Msilifute. Wangu aliharisha siku mbili, akilia maji. Nikamnyima, maana ndivyo tulivyoambiwa wote, anayeharisha asinywe. Siku ya tatu nikamzika. Wakati huo sikuwa na mtoto shuleni wa kuniambia vingine."

Mzee alivua kofia, akaishika magotini, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mwalimu, hiyo sukari ni vijiko vingapi?"

Kumbe hesabu nayo imo. Somo limebaki.

Tulipotoka, yule mama alishika njia peke yake. Nilimfuata ili niongozane naye, lakini mwanangu akaanza kulia mgongoni. Nikaona haya mbele yake, nikamfunika kanga anyamaze.

Mama akageuka. "Mnyonyeshe, mdogo wangu," akasema. "Nitakusubiri."