Kijiti cha Mkandaa kutoka Moa

Simu ya Bi Mwanaidi ilinikuta Jumatano karakanani kwetu Ngamiani, mjini, chai ikiwa mkononi. Bi Mwanaidi anaongoza kikundi cha akina mama wanaolima mwani huko Moa, na mashine yao ya kusagia mwani mkavu ilitoka kwetu. Mjomba wangu Sufiani ndiye aliyeiunda. Mimi, Rehema, ndimi niliyeahidi kuihudumia.

"Imekufa tena," alisema. "Na Jumamosi mnunuzi wa unga anakuja na gari lake. Ameshasema, asipoukuta anahamia kwa wengine. Sasa turudi kuuza mwani kwa magunia kama zamani?"

Ilikuwa mara ya nne ndani ya mwaka, na kila mara ugonjwa ni ule ule: bushi, yaani ile pete ya shaba ambamo shafti, mhimili wa mashine, huzunguka. Mara tatu zilizopita nilimaliza kazi bila kuinuka kitini. Wao walifungua pete iliyolika na kuituma kwa gari la abiria iwe mfano, mjomba akakereza nyingine kama hiyo, nami nikazirudisha zote mbili kwa gari lile lile. Nilikuwa nikijisifu kwa watu kwamba huduma yetu ni ya kisasa. Safari hii nilishikwa na aibu, nikamwambia ninakuja mwenyewe.

Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, nilifunga sanduku la vifaa nyuma ya pikipiki. Mjomba alikuwa amesimama mlangoni. Ana miaka mingi katika kazi hii, lakini sijawahi kumwona akifuata mashine iliyokwisha kutoka mlangoni pake.

"Chumvi ya bahari hiyo," alisema. "Shaba gani itaiweza? Wewe kawaambie wapake grisi."

Nilimwamini. Nilipita Amboni jua likichomoza, na Mabokweni nikasimama kula vitumbua. Muuzaji alitazama sanduku langu, akaniuliza kama ninapeleka posa. Nikamjibu kwamba ninakwenda kuomba radhi, akaniongezea kitumbua kimoja. Mbele zaidi niliiacha lami, nikashika njia ya vumbi inayoelekea pwani. Mvua zilikuwa zimeichimba vibaya, na sanduku lilinipiga mgongoni mpaka nikalichukia.

Saa nne kasorobo nilifika Moa. Harufu ya mwani ulioanikwa ilinipokea kabla ya watu.

"Shikamoo, Bi Mwanaidi."

"Marahaba, mwanangu. Leo umekuja mwenyewe? Mie nilidhani siku hizi umekuwa kifurushi."

Akina mama walicheka, nami nikacheka nao, maana nilistahili. Lakini ndani ya banda magunia ya mwani yalikuwa yamepangwa hadi karibu na paa, na kicheko hakikudumu. Nilifungua mashine. Shafti ilikuwa nzima, imenyooka, haina mkwaruzo wa maana. Pete ndiyo iliyokuwa ikicheza.

Bi Mwanaidi akaleta kamba aliyotungia zile pete tatu za zamani. Alizihifadhi kwa mpangilio wa zilivyokufa. Niliivika shaftini ya kwanza, ikalegea kidogo. Ya pili ikalegea zaidi. Ya tatu ilitikisika, na hii ya nne nusura izunguke yenyewe. Hapo ndipo nilipoelewa. Mjomba alikuwa akikereza pete mpya kwa kufuata tundu la pete iliyokwisha kulika, na uchakavu tulikuwa tukiurudisha Moa ukiwa unang'aa. Haba na haba, mpaka mashine ikasimama. Chumvi tuliisingizia tu. Niliona haya mbele ya wanawake wale, nikawaambia wazi kosa ni letu.

"Na ile pete ya ziada niliyowapa siku ya kwanza," niliuliza, "iko wapi?"

Walitazamana. Bi Mwanaidi akaingia ndani, akarudi na furushi la kanga. Ndani ya kanga mlikuwa na gazeti, na ndani ya gazeti pete mpya kabisa, na grisi yake.

"Akiba haiozi," alisema kwa fahari.

"Lakini Bi Mwanaidi, nilitaka ile ya kwanza ikilika mtie hii!"

"Hukusema hivyo. Ulisema, itunzeni. Tumeitunza."

Alikuwa na haki. Nilikumbuka maneno yangu yale yale.

Sasa nikakwama. Nikiifunga, mashine itasaga, ila mjomba atakosa mfano wa kweli, na mwaka hautaisha kabla hatujarudi pale pale. Nikiipeleka mjini, Jumamosi imepotea. Chombo cha kupimia nilikiacha karakanani, kwa kudhani ninakuja kupaka grisi. Nikampigia mjomba simu anitajie kipimo. Alisema vipimo vyote vimo kichwani mwake, lakini hakuweza kukitaja hata kimoja, akasema tu, "Wewe lete mfano."

Bi Mwanaidi alikuwa akinisikiliza. "Mwanangu, ukimtuma mtu mjini akanunulie mtoto kiatu, unampa nini?"

"Kijiti kilichokatwa sawa na mguu."

"Humpi kiatu kilichokwisha kupasuka?"

"Simpi."

"Haya basi. Nyie mafundi mnatembeza kiatu kilichopasuka."

Tulikata kipande cha boriti ya mkandaa, ule mti mgumu wa mikokoni, iliyobaki kwenye ujenzi wa banda. Nilikichonga, nikakikwangua kwa kigae cha chupa, nikakijaribu katika tundu la pete mpya zaidi ya mara ishirini, mpaka kikaingia kwa kusukumwa na kidole bila kutikisika. Kisha nikachonga cha pili. Tukavitia mafuta ya nazi ili visinywe unyevu. Kimoja kilibaki kwenye kanga ya Bi Mwanaidi, kingine nikakitia mfukoni. Ndipo nikaifunga ile pete.

Injini iliwaka saa nane mchana. Walisaga hadi jua likazama, na Ijumaa wakaendelea baada ya sala. Nilibaki nao, nikishika mashine kila saa kusikia joto lake. Jumamosi asubuhi mnunuzi alikuta unga umefungwa. Alipakia bila maneno mengi, akauliza lini aje tena. Bi Mwanaidi hakunitazama, lakini aliniwekea mche wa sabuni ya mwani juu ya sanduku.

Njiani kurudi nilikuwa nikifikiri. Mashine yetu ilikuwa nzuri, na ahadi yangu ya huduma ilikuwa ya kweli. Hasara iliingia katikati, pale mtengenezaji alipomwachia mhudumu, na mhudumu akaliachia gari la abiria, na hakuna aliyeitazama mashine yenyewe.

Saa tisa alasiri niliingia karakanani. Mezani palikuwa na pete mpya inayong'aa, na pembeni yake mfano uliolika, umetumwa na kikundi cha Kigombe, wateja wetu wengine wenye mashine kama ya Moa. Nilitoa kijiti mfukoni, nikakitumbukiza katika pete mpya. Kikapita na kuanguka upande wa pili.

Mjomba alikiokota, akakinusa, akajaribu mwenyewe mara mbili.

"Kigombe wametuma mara ngapi?" aliniuliza.

"Tatu."

Akavua koti lake la kazi, akalitundika.

"Kesho twende wote," alisema. "Na hiyo pikipiki yako uiendeshe taratibu. Sijawahi kuipanda."