Mama Maswali, Tarishi Anayesubiri Majibu

Umewahi kuletewa karatasi ya mahakama, na deni wala si lako?

Saa mbili asubuhi Mama Maswali, tarishi wa mahakama, amesimama mlangoni kwa fundi cherehani. Goti la kushoto limevimba ndani ya soksi nene. Mkobani, chini ya karatasi za leo, imo barua yake mwenyewe ya kuomba kazi ya mezani. Miezi mitatu hajaitoa, anachelea kuambiwa amezeeka, akapumzike nyumbani.

Anapangusa miwani kwa pindo la sweta, ndipo anapiga hodi.

Fundi kuona mhuri tu, anarusha shuka juu ya cherehani ya pili. "Shemeji kanitia balaa! Mmekuja kuibeba?"

"Mwanangu, mimi sibebi hata sindano. Naleta maswali. Anayedaiwa ni shemeji yako. Wewe unaulizwa tu umemshikia nini. Ukisema kweli, huna kesi. Ukificha ndipo mambo yanakugeukia."

Miaka kumi na tisa amepeleka maswali kwa watu wanaowashikia wadaiwa mali. Ni karatasi ishirini hivi kwa wiki, nyingi kwa miguu. Wenzake huacha karatasi wakaondoka. Yeye huvuta kigoda, akasoma swali moja moja mpaka jasho la mtu likauke.

"Ofisini wananiita konokono," anasema, "lakini karatasi zangu hurudi zimejazwa. Kuna mzee aliandika mwavuli, sufuria na kuku mmoja. Kisha akamkata kuku kwa kalamu. Alikumbuka walishamla!"

Fundi anacheka, shuka inatoka. Anaandika: cherehani moja, nyeusi, kanyagio limelegea. Anaongeza mkasi.

"Mkasi wa shemeji?"

"Hapana, wangu."

"Sasa wako unauandikia nini, binti wewe? Umeulizwa vya kwake!"

Fundi anaufuta, anatia saini. Mama Maswali anashika ukingo wa meza ili ainuke. Mara ya kwanza goti linakataa.

"Mama," fundi anasema taratibu, "na wewe, nani anakuuliza?"

Mama Maswali anacheka, kisha kicheko kinakatika. Anaupapasa mkoba.

"Haya, niulize."

"Unataka nini?"

"Nataka kukaa," anasema. "Nataka meza pale masijala, watu waniletee majibu wenyewe. Goti ndilo limechoka, mwanangu. Mimi bado."