Barabara Niliyoiandika Kuwa Tupu

Kazi ya kwanza niliyolipwa maishani mwangu ilikuwa kukaa njiani na kuhesabu magari. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, naishi kwa mama mkubwa nje kidogo ya Kilindoni, kando ya barabara iendayo Kirongwe. Mtaalamu mmoja wa barabara alikuja kutoka Dar es Salaam akitafuta mtu mwenye mwandiko mzuri, na mwalimu wangu wa zamani akanitaja mimi.

Mfanyabiashara mmoja wa mjini Kilindoni alitaka kujenga ghala kubwa jirani na kwetu, na mbele yake duka la jumla. Ilikuwa miaka ile hifadhi ya bahari ilipoanzishwa kisiwani kwetu. Hoteli zilizidi kuongezeka kule Utende, wageni wanakuja kupiga mbizi, na karibu kila walichokula na kila walichojengewa kilishushwa gatini Kilindoni. Maduka ya zamani hayakutosha tena. Lakini kabla ya kupewa kibali, mwenye ghala ilimbidi aonyeshe kwamba barabara yetu ya udongo ingeyahimili malori yake.

Mtaalamu alinipa fomu, kalamu mbili na saa yake ya mkononi. Fomu ilikuwa na safu nne: pikipiki, gari dogo, basi, lori.

"Kila linalopita, chora kistari," aliniambia. "Usikisie. Ukienda kula, mwachie mtu unayemwamini."

Nilikaa barazani kwa fundi cherehani siku tatu, tangu asubuhi hadi alasiri. Kuna saa zilizopita sikuchora hata kistari kimoja, nikawa nasinzia. Siku ya pili alipita mama mkubwa, pakacha la nazi kichwani, anatoka shambani anakwenda sokoni.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba, mwanangu. Ndiyo kazi yenyewe hiyo?"

"Ndiyo. Nahesabu magari."

"Na mimi umeniandika?"

"Kwani wewe gari?"

Fundi alicheka mpaka akaacha kukanyaga cherehani. Mama mkubwa naye alicheka, akashika mzigo wake kwa mkono mmoja, akashika njia katikati ya barabara. Hivyo ndivyo tulivyotembea sote. Barabara ilikuwa kama uwanja wetu. Watu walisimama humo kusalimiana, kuku walioga vumbi humo, na gari likija, mtu alilisikia tangu mbali akasogea bila haraka.

Nilikabidhi fomu zangu nikiwa nimejaa fahari. Mtaalamu alizipitia, akaniambia mwandiko wangu unasomeka kuliko wa karani wake, akaondoka na ndege ya kesho yake.

Ghala lilisimama haraka kuliko tulivyozoea kuona jengo likisimama kisiwani. Malori yakaanza kutoka gatini, moja, halafu mawili yakifuatana, saruji, mabati, soda, unga. Geti liliwekwa pale pale barabarani, kwenye kona, karibu na njia ya kwenda shule. Ndani hapakuwa na nafasi ya kugeuza, kwa hiyo kila lori lilitoka kinyumenyume. Watu wakalalamika vumbi. Nakumbuka vizuri kwamba tulichokilalamikia ni vumbi tu. Mama mkubwa alihamisha kamba ya kuanikia nguo nyuma ya nyumba, akaona ameshapata dawa.

Asubuhi moja nilikuwa bombani, karibu na geti, nakinga maji. Nilisikia watu wakipiga kelele, "Simama! Simama!" kisha injini ikazimwa. Nazi moja ilibingirika taratibu ikaja mpaka karibu na miguu yangu. Niliitazama. Sijui kwa nini niliitazama kwa muda mrefu kiasi kile, kana kwamba nisipoinua uso hakutakuwa na kilichotokea.

Nilipofika, mama mkubwa alikuwa amelala ubavu mchangani nyuma ya lori. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekunjika mahali ambapo mguu haukunjiki. Hakulia. Macho yake yalikuwa makavu, yamefunguka sana. Aliponiona alisema jambo moja tu.

"Nifunike, mwanangu. Watu wananiona."

Kanga yake ilikuwa imechanika hadi kiunoni. Nilivua yangu ya mabegani nikamfunika. Dereva, mtu mzima mwenye mvi, alikuwa ameketi chini kando ya gurudumu, mikono kichwani. "Sikumwona," alikuwa akirudia. "Wallahi sikumwona."

Mwenye ghala alitoka mbio, peku, kalamu bado iko sikioni. Alikuwa wa familia ya Kihindi iliyofanya biashara Kilindoni tangu enzi za babu yake, na alimfahamu mama mkubwa tangu utotoni, mama mkubwa alipokuwa akitumwa dukani kwao kununua mafuta ya taa. Alisimama, akashika mdomo. Kisha akarudi ndani, akatoka na godoro jipya, bado limo ndani ya nailoni yake, akalitandika mwenyewe nyuma ya pikapu. Tulimpakia mama mkubwa juu ya nailoni ile, na mpaka hospitali ilikuwa ikilia kwa kila shimo tulilopita. Njia nzima alishika mkono wangu.

Mfupa ulikuwa umevunjika mara mbili. Walimfunga plasta kuanzia pajani, wakasema ashukuru Mungu. Alishukuru.

Baada ya wiki mbili uliitishwa mkutano ofisi ya kijiji. Chumba kilijaa, wengine wakasimama madirishani. Afisa mmoja alikuja na jalada, akatupa pole, kisha akafungua karatasi zake.

"Ndugu zangu," alisema, "kilichotokea ni ajali. Kibali kilitolewa kwa utaratibu. Magari yalihesabiwa, na ripoti inasema barabara hii karibu ni tupu."

Akainua karatasi juu ili tuione. Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliona tarakimu zangu za saba, zile ninazozikata kwa kistari katikati, na jina langu pale chini.

Kwa wiki mbili nilikuwa nimemlaumu dereva, nikamlaumu mwenye ghala, usiku na mchana, na sikuwahi hata mara moja kuzikumbuka zile fomu. Nilisimama bila kuomba ruhusa.

"Samahani. Hiyo karatasi niliiandika mimi."

"Vizuri," afisa akasema. "Basi utusaidie. Uliandika uongo?"

"Sikuandika uongo. Lakini zile siku tatu mama mkubwa alipita mbele yangu kila siku, na sikumwandika. Fomu haikuwa na mahali pa kumwandika mtu."

Mwanamke mmoja jirani yetu, muuza samaki wa kukaanga, aliuliza kutoka dirishani, "Yaani sisi hatumo humo?"

"Hammo."

"Na watoto wa shule?"

"Hawamo."

"Na mwenye baiskeli?"

"Hamna. Ni magari tu."

Watu hawakupiga kelele kama nilivyotarajia. Walitazamana. Mzee mmoja alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyeambiwa kwamba amekufa na yeye amekaa pale. Nilitamani wanitukane.

Aliyesimama ni mwenye ghala. "Ripoti ile niliisoma mara mbili nikafurahi," alisema. "Nimezaliwa hapa. Nikaambiwa barabara ni tupu, nikakubali. Sasa huyu binti ahesabu upya, na ahesabu kila kitu. Malori yangu hayatoki getini mpaka amalize."

"Lakini bwana, utaratibu..." afisa akaanza.

"Utaratibu utanikuta dukani," akajibu, akaketi.

Safari hii nilitumia daftari la shule, na safu nilizipiga mwenyewe. Muuza samaki alikaa nami, na mwenzake mmoja akakaa upande wa pili wa kona. Tulianza alfajiri, watu wanatoka msikitini. Kabla fundi cherehani hajafungua milango, ukurasa wa kwanza ulikuwa umejaa. Wanawake wenye mizigo kichwani. Watoto wa shule kwa makundi. Baiskeli zenye magunia ya korosho kutoka Kirongwe, watu wa kijiji cha Kanga waliotembea tangu usiku kumleta mgonjwa hospitali, mikokoteni, ng'ombe, kipofu na mtu anayemshika mkono. Niliandika mpaka kidole kikavimba. Watu hawa nimeishi nao maisha yangu yote, na sikujua kama ni wengi kiasi kile. Kila nikichora kistari niliona aibu ya zile siku tatu nilizosinzia.

Adhuhuri mwenye ghala alikuja kutazama. Alifunua ukurasa, akafunua mwingine.

"Hawa wote wa leo?"

"Wa leo asubuhi."

Alilirudisha daftari kwa mikono miwili na kuondoka bila kuaga.

Geti lilihamishwa. Ilimlazimu abomoe ukuta wa nyuma na kuacha banda alilokusudia kulijenga, ili malori yaingie upande mmoja yatokee mwingine, mbele kwa mbele. Pale konani palijengwa njia ya miguu ya mawe na kifusi, kingo zake zimepakwa chokaa. Yaliwekwa matuta mawili. Malori yakakatazwa kutoka saa watoto wanapoenda shule na wanaporudi, na muuza samaki akaajiriwa kusimama pale na kitambaa chekundu, kazi aliyoifanya kwa ukali hata madereva wakamwogopa kuliko trafiki. Masika ya kwanza yalizoa tuta moja, tukalirudishia kwa majembe. La pili lilibaki nusu. Tangu hapo hakugongwa mtu mwingine kwenye kona ile.

Mtaalamu hakunipa kazi tena. Daftari langu afisa aliliazima, na baadaye nikasikia fomu zao zimeongezwa safu ya waenda kwa miguu. Sikupata kuiona kwa macho yangu.

Mama mkubwa alipotolewa plasta na kuzoea fimbo, nilimchukua kwenda kumwonyesha njia mpya. Nilikuwa na hamu aione. Alisimama mwanzoni mwake, akaitazama, akasema, "Pazuri." Tukapiga hatua chache. Ndani ya uzio, mbali na sisi, lori likawashwa. Alinikamata mkono kwa nguvu ambayo sikujua bado anayo, kucha zake zikaingia kwenye ngozi, na alipogeuka kunitazama macho yake yalikuwa yale yale ya mchangani, makavu, yamefunguka sana.

"Turudi," alisema.

Tulirudi. Toka siku hiyo alipita vichochoroni, nyuma ya nyumba za watu, akipiga hodi kila ua na kuomba radhi, njia ndefu mara mbili. Nilimsihi kwa miaka. Watu wote walikuwa wakiitumia njia ile, hata vipofu. Yeye alinisikiliza, akaitikia, kesho yake akapita vichochoroni, mpaka alipofariki.