Shangazi na Vidonge vya Rangi Mbili

Kila asubuhi kabla ya kutoka, shangazi yangu alijibonyeza tumbo kwa vidole viwili chini ya kitovu, akatega sikio. Likinguruma, alikunywa chai. Likinyamaza, alitoka na njaa.

Alikuwa mwosha matumbo machinjioni, mwaka wa kumi na moja. Ng'ombe akishapasuliwa, utumbo unaporomoka mezani ungali na moto, naye anauchana kwa kisu kifupi, anakung'uta mavi, anasukumia maji. Mimi nilichuna vichwa pembeni yake, kwa hiyo haya sikuhadithiwa.

Msimamizi wetu tulimwita Nyundo. Alitembea na kipande cha mpira wa maji, na ukizubaa uliupata mgongoni. Siku moja alimchapa mchuna ngozi sikioni mpaka damu ikachuruzika, halafu akamwambia, "Pangusa hapo. Usinichanganyie damu yako na ya ng'ombe." Tulicheka wote, maana asiyecheka ndiye anayefuata.

Mtu akiharisha, kazi ya wote inasimama. Ndiyo sababu kila Jumatatu Nyundo alipita na kopo la vidonge vya rangi mbili, tukameza mgonjwa na mzima, kisha tukapanua midomo akague. Huo tu ndio wema wake tuliouona.

Shangazi akaanza kuharibika. Akisikia tu hatua za Nyundo, tumbo linamkata, jasho linamtoka, kisu kinamcheza mkononi. Hata nyumbani, mfuniko wa sufuria ukianguka alirukia ukutani. "Mwanangu," aliniambia, "nadhani nashikwa na wazimu." Mara mbili alijikata. Mara ya tatu, siku ya Alhamisi, kisu kilizama kiganjani hadi nikaona weupe wa mfupa, nikamkimbiza zahanati.

Daktari, dada mmoja mwembamba, alishona huku anauliza, nasi tukamweleza yote, mpira wa Nyundo na vidonge vya Jumatatu.

"Vidonge hivyo unameza tangu lini, mama?"

"Tangu nianze kazi. Si vinaua wadudu wa tumbo?"

"Vinaua, lakini havichagui. Tumboni mna wadudu wasioonekana ambao ni wenyeji, wana kazi zao. Tumbo na ubongo hupashana habari. Ukiishi na hofu kila siku, wenyeji hao hubadilika, na wakiharibika huenda hofu nayo ikazidi. Wataalamu bado wanachunguza, siwezi kukuapia. Ila wewe unapigwa nje, na ndani unapigwa vilevile."

"Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna. Usimeze dawa usiyoandikiwa. Kula maharage, mboga, matunda. Ama huyo mwenye mpira, dawa yake sina."

Njia nzima shangazi alicheka peke yake, machozi yanamtoka.

Jumatatu Nyundo akafika na kopo. "Mdomo, we mama!"

"Leo simezi. Siumwi."

"Nani kakuuliza?"

Mpira ukampata shingoni. Akafumba mdomo. Ukampata tena, usoni. Akazidi kufumba. Ndipo Nyundo alipomkaba taya, akamlaza kichwa juu ya utumbo uliokuwa ukifuka mvuke, akamsukumia vidonge kwa kidole gumba. "Vimeze! Nimesema vimeze!"

Shangazi akauma. Nilisikia kitu kikivunjika kama mfupa wa kuku. Nyundo alipiga yowe ambalo sijalisikia kwa ng'ombe yeyote, akamshindilia ngumi ya jicho, shangazi akaanguka kwenye maji mekundu. Kisu nacho kikaanguka, shubiri moja kutoka mkono wake.

Sote tulikitazama. Nyundo alikitazama zaidi, akarudi nyuma huku ameshika kidole chake.

Shangazi akakiokota. Mkono ulitetemeka kama kawaida, maana siku nne haziponyi miaka kumi na moja. Kwa kisu hicho akakata kwa shida kifundo cha aproni yake, ikadondoka. Akatema vidonge pamoja na damu isiyokuwa yake.

"Meza wewe," akamwambia.

Akakiacha kisu juu ya utumbo, akatoka kwa mlango wa kuingizia ng'ombe, akiwasukuma mabega waliosubiri zamu yao wampishe. Machinjioni hakukanyaga tena.